Fundi Hakuinua Kichwa

Wanafunzi walimpachika mwalimu wao wa fasihi jina la Mwongozo, na hawakumwonea. Kila mwaka aliwafundisha hadithi ile ile ya fundi seremala aliyekosana na mdogo wake. Mdogo mtu anarudi baada ya miaka mingi, anasimama mlangoni, anabisha hodi. Fundi anaendelea kupiga randa ubao wake, hainui kichwa, mpaka mgeni anajiondokea. Basi, hadithi imekwisha. Swali la mtihani ni moja: kwa nini fundi hakuinua kichwa? Na jibu la mwongozo wa kusahihishia ni moja: hasira.

Binti yake wa pekee aliwahi kukaa dawati la mbele katika darasa hilo. Yeye aliandika kwamba fundi alikuwa analia na hakutaka aonekane. Baba akalipiga jibu mstari mwekundu, akamwambia mbele ya wenzake kuwa humo hadithini hamna machozi, kama anayataka akamenye vitunguu. Darasa zima likaangua kicheko. Binti akaandika upya: hasira.

Alipokua akaolewa na dereva wa malori, mtu ambaye baba hakumtaka hata kumsikia. Mwongozo akasema asiikanyage tena nyumba yake. Mtoto, kwa kuwa alilelewa kutii, hakuikanyaga.

Sasa Jumamosi hii mke wa Mwongozo alimweleza mumewe bila kuzunguka. Mtoto anakuja. Mumewe kapata kazi nchi ya mbali, wanahama jumla. Anataka kusikia kwa baba yake neno moja tu la kumkaribisha, ajue bado ana kwao. Asipolisikia, hatarudi tena.

Mwongozo alinyoa ndevu akajikata mara mbili. Alivaa shati la mahafali. Akajizoeza mbele ya kioo: "Karibu, mama. Karibu nyumbani." Kisha, asije akaonekana kama abiria aliyechelewa basi, akaketi sebuleni na kurundika mbele yake karatasi za wanafunzi.

"Shikamoo, baba."

Ile sauti. Maneno aliyoyapanga yalimjaa kooni yakasukumana kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko, lisitoke hata moja. Tone likadondoka juu ya karatasi, wino mwekundu ukatanuka. Mtu huyu hata kaburini kwa mama yake hakuna aliyemwona akifuta jicho. Akainama zaidi. Mkono nao, kwa mazoea, ukaendelea na kazi yake: sahihi, kosa, sahihi. Nipe dakika, mwanangu, alikuwa anasema moyoni, dakika moja tu nijikaushe.

Binti alisimama pale mlangoni, mkoba kifuani, akiitazama kalamu.

"Nilikubishia bure siku ile, baba," alisema taratibu. "Kumbe kweli ni hasira."

Mlango ukafungwa, kwa adabu, bila kishindo.

Mkewe akaingia na sinia la chai, vikombe vitatu. Akatazama mlango, akamtazama mumewe, uso umelowa mpaka kwenye kola.

"Ungeinua kichwa tu," alisema. "Angekuona."

Mwongozo alitoka mbio na kandambili moja, kalamu bado mkononi. Teksi ilikuwa imeshakata kona. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akamtania: "Mwalimu, leo unamsahihisha nani huko njiani?" Aliporudi ndani, mkewe alikuwa amelaza simu mapajani. Binti alikuwa amepokea mara moja tu, akasema mwambie baba nimemwelewa, kisha akazima.

Jumatatu, darasani, msichana wa dirishani alinyoosha mkono. Akasema yeye anaona huenda fundi alitamani sana kuinua kichwa, ila alishindwa. Wenzake wakaguna. Wakamgeukia Mwongozo, wakingoja mzaha wake wa vitunguu, maana ulikuwa umesharithishwa kutoka darasa hadi darasa.

Mzaha haukuja. Wa nyuma wakaacha kuchezea rula. Mtihani ulikuwa karibu, na wasahihishaji wangeshika mwongozo ule ule.

"Andikeni hasira," alisema mwishowe, akiwa ameinamia kitabu. Na mpaka kengele inalia, hakuinua kichwa.