Waifai Iliyopita kwa Margareta

Asubuhi ya Jumatano fundi Gregori alichomeka kifaa kimoja kwenye soketi ya sebuleni, karibu na ruta, na kingine kwenye chumba cha nyuma, ili intaneti ipite kwenye nyaya za umeme za ukutani imfikie Brightson, aliyekuwa na mitihani ya chuo ya siku mbili mtandaoni. Nyumba hiyo ya Kawe ni ya zamani, na kuta zake nene humeza waifai. Taa ya kifaa cha pili haikuwaka.

Iliwaka pale tu Margareta, aliyefanya kazi za ndani hapo kwa miaka kumi na moja, alipoegemeza kiganja kwenye ukuta wa korido. Alipokiondoa ikazima. Gregori, fundi asiyependa kubahatisha, alijaribu mara tatu.

"Waya umekatika hapa katikati," alimwambia mwenye nyumba, Demetria, mama yake Brightson. "Sasa inapita kwa dada. Asivae ndala tu."

Demetria akaleta kigoda, Margareta akakaa kiganja kikiwa ukutani, kisha Demetria akaenda kupumzika chumbani kwake, huko huko nyuma.

Mengi yalimpitia Margareta: maswali ya uhasibu, mahubiri, bei za vitenge. Saa saba mchana ikapita sauti ya mdogo wake, Albano, kutoka Masasi, ikienda kwenye simu ya Demetria.

"Shikamoo mama Brightson. Naomba umwambie dada, mama ametutoka alfajiri. Tunazika kesho saa tisa."

Jibu lilipita likirudi: "Poleni sana. Nimemtuma Mabibo sokoni, akirudi nitamwambia."

Margareta akaondoa mkono. Demetria akatokeza koridoni.

"Imekata."

"Mama yangu amefariki. Imepita hapa sasa hivi. Naomba niwahi basi la jioni, Mbagala."

Demetria hakuuliza imepitaje. "Pole sana, Margareta. Mtihani unaisha kesho saa kumi. Ukiondoka sasa atafeli, na wewe ndiye uliyemlea."

Kweli alimlea. Na nauli, kama mshahara wake wote, alitunziwa na Demetria. Akarudisha mkono, akalia kwa uchungu, na taa haikucheza.

Kesho yake saa tisa Albano alimpigia Demetria simu ya video kutoka makaburini. Maziko yakampitia Margareta kutoka kiganjani hadi begani: wimbo, padri, vilio vya mashangazi, jeneza likishuka kwa kamba. Albano alikuwa ameinama kuchota udongo Brightson alipolalamika kwamba maswali hayafunguki. Demetria akakata simu.

"Asante, dada," Brightson aliita kutoka chumbani. "Sasa iko fasta."