Nguvu za Mjomba Seabata

Mzee Seabata angeweza kuvumilia mengi, lakini si kupitwa na lori la mikate. Lilimpita kwenye mwinuko wa mlima wa Moteng, mchana kweupe, pikapu yake ikihema kwa gia ya pili. Dereva alipunguza mwendo kidogo ili waonane vizuri, akampungia mkono, kisha akapotea kwenye kona na kumwachia harufu ya mikate ya moto. Loo! Wazee wenzake walipozipata habari hizo wakambatiza Bwana Mkate, na jina likamganda. Wiki haikuisha, akawa amesimama mjini Butha-Buthe mlangoni kwa mpwa wake Puseletso, blanketi begani, funguo mkononi.

"Mwanangu, niongezee nguvu," alisema, hata salamu hajatoa.

"Nguvu za nani, mjomba? Zako au za gari?"

"Usinichezee. Za gari. Zangu nilizisahau mgodini."

Puseletso alikuwa fundi wa kompyuta zile ndogo zinazoiamuru injini: dizeli kiasi hiki, hewa kiasi hiki. Maagizo hayo mafundi huyaita ramani. Yeye huchomeka waya chini ya usukani, akaivuta ramani ya kiwandani na kuihifadhi pembeni, akabadilisha namba anazozijua, akairudisha. Gari lililoingia linajikongoja hutoka linaruka. Watu walimjia toka Leribe, hata toka ng'ambo ya mpaka, na siku hizi hakuna aliyeuliza tena fundi mwenyewe yuko wapi wakati kasimama mbele yake na kitambaa chake kichwani.

Na aliyemfikisha hapo ni huyuhuyu mjomba. Baba yake Puseletso aliposema msichana hana kazi na mambo ya magari, Mzee Seabata alipanda basi kutoka Welkom na vumbi la mgodi bado kwenye nyusi, akamwandikisha chuoni yeye mwenyewe. Basi wakawa hivyo, mjomba na mpwa, hawafichani. Mwezi wa tatu kifua kilipomsumbua, Puseletso ndiye aliyempeleka hospitali na kuingia naye ndani, kwa kuwa daktari alisema Kiingereza kitupu. Daktari alifuatisha kalamu yake kwenye picha ya mapafu na kueleza, naye Puseletso akatafsiri neno kwa neno: kovu la vumbi lipo, ni la zamani, halijaongezeka. Mzee alirudi nyumbani anaimba njia nzima.

Sasa basi, Puseletso akafunua boneti. Injini ilikuwa imetembea kilomita laki nne na ushee. Tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ilipiga mluzi ambao hakuupenda, na klachi ilikuwa inaaga dunia.

"Mjomba, hii ukiiongezea nguvu inakufa. Tubadilishe klachi kwanza, na tabo, halafu tuongee."

"Mwaka gani huo? Wale vijana wa ng'ambo ya mto wameniambia dakika ishirini tu. Hawakuuliza klachi wala nini."

"Wale? Wale wangeupa nguvu hata mkokoteni."

"Ndio ninaowataka! Kama hutaki kunisaidia sema, mimi nijiendee."

Puseletso aliwajua vijana hao. Wangefungulia kila kitu hadi mwisho, na mjomba angeachwa njiani na moshi mweusi kabla ya mwezi kwisha. Alimtazama mzee alivyoshika funguo kama mtoto aliyeahidiwa safari, moyo ukamlainika, akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote.

Alichezea pedeli. Nguvu hakuongeza hata chembe. Alibadilisha tu namna gari linavyoitikia mguu. Zamani mzee akikanyaga robo, injini ilipewa robo. Sasa akigusa tu, inapewa zaidi ya nusu. Ni kama bomba la maji: ukilegeza koki, maji yanaruka mara moja, lakini mfereji ni uleule, na ukishafungua mpaka mwisho hupati tone la ziada. Mguu ndio unaodanganyika.

Mzee alizunguka mtaa mmoja tu, akarudi amefungua mdomo.

"Haaa! Mwanangu! Hiki ni kitu gani umeniwekea? Nimegusa hivi, limeruka hivi!"

"Umefurahi, mjomba?"

"Nimefurahi? Nimeoa upya!"

Puseletso alicheka naye. Usiku ule alijiambia kwamba hakuna aliyeumia, injini imepona, mzee ana raha, basi. Baada ya siku tatu akasahau.

Mzee hakusahau. Alizunguka kijiji kizima akionyesha mguu wake. Mzee Lebeko, karani wa zamani wa mgodi, alipakiwa akapelekwa mpaka dukani na kurudishwa. Mzee Phallang, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alipakiwa naye akashuka ameshika kofia kwa mikono miwili. Jina la Bwana Mkate likafa kifo chake. Ila jambo moja hakuna aliyelitazama: wiki zote hizo pikapu ilizunguka bondeni, mlima wa Moteng haikuugusa.

Alhamisi moja shangazi, mkewe Mzee Seabata, akapiga simu. Mtoto wao Motlatsi alikuwa anaoa juu milimani, Mokhotlong, na Jumamosi mahari ilikuwa inapelekwa.

"Ng'ombe watatu watangulie," shangazi alisema. "Tulikuwa tumeshapatana na mwenye lori, mjomba wako amemkatalia. Amekopa trela. Anasema kwa nguvu ulizomwekea, lori la nini? Na wazee wawili anawapakia humohumo."

Puseletso alikaa chini. Ng'ombe watatu kwenye trela, klachi ile, mwinuko ule wa Moteng. Palikuwa na kona pale juu ambapo gari likiishiwa pumzi haliondoki tena. Trela zito linakuvuta kinyumenyume, na upande wa kushoto hakuna ukuta, kuna hewa tupu. Mjomba angeingia kona hiyo akiamini kitu ambacho hakipo. Na aliyemwaminisha ni yeye.

Alipiga simu mara nne. Mzee alipokea ya mwisho, akapiga kelele kwamba yuko kwenye josho na hasikii kitu, akakata. Hata angesikia, Puseletso alijua maneno ya simu yasingetosha.

Jumamosi jua lilipochomoza alikuwa ameshafika kijijini na kompyuta yake. Ng'ombe walikuwa tayari ndani ya trela, wamefungwa, mmoja akipiga kwato. Lebeko na Phallang walikuwa wamevaa blanketi zao za heshima. Puseletso aliwasalimu, kisha akamvuta mjomba mpaka nyuma ya zizi.

"Mjomba, usiende na hawa ng'ombe. Gari halina nguvu."

"Halina nguvu? Wewe mwenyewe umeliwekea!"

"Sikuweka. Nilibadilisha pedeli tu, ili ujisikie vizuri. Niliogopa ungekwenda kwa wale vijana. Nimekosa, mjomba. Nisamehe."

Mjomba angenyamaza pale, yangekuwa ya watu wawili. Lakini Mzee Seabata hakuwa mtu wa kunyamaza. Alirudi uwanjani amepandisha sauti.

"Njooni msikie! Njooni! Mtoto wa dada yangu anasema mimi ni mjinga, sijui hata gari langu! Mguu huu umeendesha miaka arobaini! Mguu huu unadanganywa?"

"Mjomba, sikusema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Puseletso aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini kona ile ilikuwa mbele ya macho yake.

"Tupime," alisema. "Fungua trela. Toka darajani mpaka geti la zahanati, mguu mpaka chini. Mzee Lebeko ashike saa. Halafu nirudishe ramani ya kiwandani, upande tena. Kama nimeongeza nguvu, saa itasema."

"Tupime! Nani anaogopa kupima?"

Wakafungua trela. Lebeko aliketi mbele na saa ya mkononi aliyopewa siku anaagwa mgodini, Puseletso nyuma na kompyuta mapajani. Mzee alipogusa pedeli tu, pikapu ikaruka kwa vishindo kutoka darajani, akaikanyaga mpaka chini, akageuza kichwa kumtazama mpwa wake kama kusema, unaona? Kisha kilima kikaanza kweli, kishindo kikaisha, wakabaki wanapanda. Lebeko akasoma.

"Sekunde hamsini na moja."

Walishuka darajani. Puseletso alichomeka waya, akairudisha ramani aliyoihifadhi siku ile. Ilichukua kama dakika kumi. Mzee alikuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Safari ya pili pikapu iliondoka kwa uvivu wake wa zamani. Mzee akasonya. "Umeliua! Ona! Limekuwa konokono!" Akakanyaga mpaka mwisho, akashika usukani kwa nguvu kana kwamba analisukuma. Wakapanda, wakapanda, geti la zahanati likafika. Lebeko aliitazama saa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sema," mzee alisema.

"Hamsini na moja."

"Saa yako mbovu."

"Seabata, saa hii naamka nayo miaka kumi na tisa. Hamsini na moja."

Mzee alizima injini. Walikaa pale mbele ya zahanati, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akiwashangaa. Halafu akawasha, akarudi nyumbani polepole, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye trela na kuanza kufungua kamba za ng'ombe yeye mwenyewe. Phallang alifumbua mdomo. Lebeko alimkanyaga mguu, akaufumba. Shangazi alimpigia simu mwenye lori, naye akasema atakuja saa nne, ila wasimsumbue tena.

Basi uhai wa watu ulikuwa umepona, na ng'ombe pia. Puseletso alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaenda kwenye pikapu, mjomba alikokuwa amesimama ameegemea mlango.

"Niache ramani ipi, mjomba? Ile uliyoizoea naweza kuirudisha. Haidhuru injini."

"Acha ya kiwandani."

"Sawa."

"Puseletso."

Alishtuka. Mjomba hakuwa akimwita kwa jina tupu namna hiyo, na kwa sauti ya chini vile. Siku zote alikuwa mwanangu.

"Yale ya mapafu," mzee alisema, macho yakiwa kwenye ng'ombe. "Siku ile kwa daktari. Alisema kweli halijaongezeka? Au na mimi ulinichezea pedeli?"

"Mjomba! Alisema hivyohivyo. Neno kwa neno. Haki ya Mungu."

"Hata siku ya gari ulinitazama hivihivi. Ukaniuliza, umefurahi, mjomba?"

Puseletso alikuwa amesema kweli siku ile hospitalini. Aliikumbuka hata kalamu ya daktari, ya bluu, mfuniko umetafunwa. Lakini angemwonyesha nini? Mzee alikuwa amelala miezi miwili usingizi mzuri kwa maneno yake matupu, na sasa angelala vipi? Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu mama yake azikwe.

"Twende tena Jumatatu," alisema mwishowe. "Tumuulize tena. Nitamuuliza mbele yako."

"Tutakwenda." Mzee alikohoa kidogo, akajifunika blanketi vizuri. "Lebeko ataingia na mimi. Kiingereza anakijua."

"Na mimi?"

"Wewe utatuendesha. Mimi macho ya asubuhi siku hizi yananisumbua." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza zaidi. "Ukifika utatusubiri nje, kwenye benchi."

"Sawa, mjomba," Puseletso alisema, akainama chini ya usukani kuchomoa waya wake, na akakaa huko huko chini mpaka macho yakauke.