Vishimo vya Meno ya Mutheu

Kila mtu ana jina lake la vile vishimo vilivyo kwenye meno ya binti yangu. Wenzake shuleni waliviita matobo. Daktari wa meno alituambia kwa Kiingereza kwamba ni pits, akatamka polepole kana kwamba jina ndilo dawa. Shangazi yake Mwelu, ambaye mdomo wake hauna breki, alisema mbele ya wageni kwamba mtoto alitafunwa na panya usingizini. Baba yake, Munguti, ni fundi wa bodi za magari hapa Kitengela, na yeye husema meno yamebonyea, vile anavyosema kuhusu mlango wa pikapu uliogongwa. Lakini mlango hunyooshwa. Mimi naviita vishimo kwa sababu ndivyo vilivyo, na nimechoka na majina.

Vilitokana na maji. Tulipohamia kiwanja chetu huku mbugani, Mutheu akiwa bado ananyonya, tulikuwa tukinunua maji ya mikokoteni ya punda, machafu na ya kugombaniwa. Munguti akajinyima mpaka akachimba kisima. Mashine ilipofikia maji, wachimbaji walimshauri apeleke kidogo yakapimwe kabla hatujaanza kuyanywa. Munguti akamwita mchungaji. Sisi tumetoka Ukambani kwenye ukame. Mtu wa kwetu akipata maji hapimi, anashukuru. Tuliimba, mchungaji akashika bomba akayabariki, majirani wakaonja, na wote tukakubaliana kwamba ni matamu. Baada ya hapo, kuyapeleka yapimwe kungeonekana ni kumtilia Mungu shaka.

Yalikuwa na madini yanayokula meno ya watoto. Hayaonekani, hayanuki, na hata ukichemsha hayatoki. Tulijua hayo Mutheu alipoota meno ya ukubwani yakiwa ya kahawia, yamejaa vishimo. Daktari alisema kilichoharibika kimeharibika, nasi tukaendelea kuteka kwa kuwa hatukuwa na maji mengine. Tangu hapo binti yangu hucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mimi kila nikiona kile kiganja naumia.

Miguu yake, hata hivyo, haikuwa na kasoro. Alitaka kuwa mwanajeshi, na hakutaka kitu kingine chochote duniani. Kila asubuhi alikimbia kutoka getini kwetu hadi lami na kurudi, vumbi likimfuata. Ulipofika usajili wa makurutu Kajiado, nilimsindikiza, nikasimama nje ya seng'enge pamoja na wazazi wengine. Katika mbio aliwaacha wasichana wote nyuma. Alipimwa urefu, akatazamwa nyayo, na vyeti vyake vikakubaliwa. Nilianza kumwambia mama aliyekuwa kando yangu, nisiyemjua hata jina, kwamba yule mrefu ni wangu.

Halafu wakapanga mstari mwingine, na afisa mmoja mwanamke akawa anapita na tochi.

"Fungua mdomo."

Mutheu alifungua kidogo.

"Fungua vizuri, kwani unaficha nini?"

Afisa alimulika, akamwita mwenzake. Mwenzake aliinama akatazama, akatikisa kichwa, na binti yangu akaonyeshwa njia ya kutokea.

Alinijia akiwa na macho makavu. Afadhali angelia.

"Wamesema niko na nguvu, lakini meno haiwezi pita," alisema.

"Si ungewaambia ni maji?"

"Nimewaambia, Mum. Huyo afande akasema watu wa Kajiado wote wanasema ni maji."

"Basi mwaka ujao."

"Mwaka ujao nitakuwa nimepitisha miaka wanayotaka."

Tulirudi nyumbani.

Munguti alikuwa getini, amevaa shati la kanisani. Mutheu alimweleza kwa maneno machache tu. Munguti alichukua spana, akaenda kwenye bomba lililo kando ya ua ambapo majirani huteka, akafungua mkono wa bomba na kuutia mfukoni. Nilifurahi. Kama angekuwa na saruji ningemsaidia kuikoroga, tukizike kile kisima kabisa.

Hatujaingia ndani, akafika jirani yetu Tabitha na punda wake na mitungi, akiwa amembeba mtoto wake Leshan mgongoni.

"Baba Mutheu, maji imeisha?"

"Haijaisha. Ni mbaya. Inaharibu watoto. Angalia meno ya Mutheu."

"Meno ya Mutheu tunajua," Tabitha alisema kwa upole. "Hata yangu iko hivyo, niliharibiwa na kisima ya kwetu. Mto imekauka, na lori ya maji haifiki huku. Sasa nikateke wapi?"

Munguti alitazama chini. Punda alikuwa akilamba bomba kavu.

Mutheu ndiye aliyesogea. Aliingiza mkono mfukoni mwa baba yake, akautoa ule mkono wa bomba, akaurudisha mahali pake na kufungua. Sikumzuia. Mtungi wa kwanza ulipojaa, Tabitha alikinga kifuniko, akamnywesha Leshan, ambaye ana meno mawili tu ya chini. Mtoto alikunywa kwa pupa, maji yakamwagika. Mutheu akamfuta kidevu.

Kisha akaniomba nimletee kikombe, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajanywa chochote.