Kujenga Sauti ya Mwalimu Silantoi

Kompyuta ile ilinitia kinyaa kabla hata sijaiwasha. Ilikuwa laptop nene ya miaka mingi, vitufe vyake vinanata soda iliyomwagika enzi hizo, na nilipoinua kifuniko mende mdogo alichungulia pembeni mwa kitufe, akaniona, akarudi ndani. Niliifuta kwa leso yangu. Leso nikaitupa.

Wakati naingia nilikuwa nimemwamkia Mwalimu Silantoi, naye akanijibu shikamoo yangu kwa kuinua kiganja. Miaka mitatu sasa hana namna nyingine. Kansa ya koo ilifanya madaktari waondoe kiungo cha sauti, na yule mama aliyetufundisha darasa la nne akisikika mpaka barabarani amebaki na daftari na kalamu.

Lakini kabla ya upasuaji alijirekodi, siku mbili mfululizo, akisoma vitabu vya shule. Mimi Khalfani, mtengeneza programu wa Kaloleni, nilitumia miezi miwili kuzigeuza rekodi hizo ziwe sauti ya kompyuta: unaandika neno lolote, linasemwa kama alivyokuwa akisema yeye. Ofisini ilifanya kazi vizuri. Ilibaki kuiweka kwenye laptop yake, kwao Ngaramtoni, na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, kwa sababu binti yake wa pekee, Simaloi, anaolewa. Gari la kumpeleka kanisani lingefika saa nane mchana. Mwalimu alitaka kumuaga kwa sauti yake. Nilishamwomba anipe maneno hayo mapema niyarekodi ofisini, akaniandikia: “Hayo ni yake. Hayasomwi na mtu mwingine kwanza.”

Nilipaswa kuja wiki iliyopita. Nilidharau, nikajiambia ni kazi ya nusu saa.

Kumbe laptop ile ni ya aina ambayo wenye programu walishaacha kuihudumia. Hakuna kilichowekwa tayari kwa ajili yake. Unataka sauti? Chukua maandishi ya programu, uijenge mwenyewe. Ili uijenge unahitaji chombo cha kujengea, yaani programu nyingine inayounganisha maelfu ya vipande kwa mpangilio. Chombo hicho nacho hakipo tayari, kwa hiyo kijenge kwanza. Nikafungua maelekezo yake, na yameandikwa bila haya hata kidogo: ili kujenga chombo hiki, tumia chombo hiki hiki, toleo la nyuma.

Nilisoma mara mbili. Ni watu gani hawa? Wanabadilisha mashine kila mwaka, halafu wanamwandikia mwenye mashine ya juzi kwamba hatua zinazofuata ni rahisi. Nilimaliza bando zima kutafuta toleo la kale linalokubali kujengwa bila msaada wa ndugu zake. Nilipolipata, likakataa kuanza. Likasema faili jipya nililolitengeneza sasa hivi ni kuukuu kuliko mengine yote, niangalie saa. Nikaangalia. Betri ndogo inayotunza saa ya laptop ilikufa zamani, na mashine iliamini tuko mwaka 2009. Nikasoma saa kwenye simu yangu, nikaandika tarehe ya leo na 9:20, na mistari ikaanza kushuka.

Nikatoka uani kunywa chai. Wanawake walikuwa wanachambua mchele, moshi wa kuni umetanda, na Simaloi yuko chumba cha pili anasukwa nywele. Niliporudi kazi ilikuwa imeanza upya kutoka mwanzo. Nikadhani nimekosea mimi. Nikaiacha, nikaenda kuosha uso, nikarudi, imeanza upya tena. Nikafuta kila kitu, nikapanga upya, nikaangalia saa ya simu na kurekebisha ile ya laptop ambayo kwa sababu nisizozijua ilikuwa imerudi nyuma. Betri mbovu, nikasema. Takataka. Saa tano na nusu nilikuwa nimejenga kitu kile kile nusu nusu mara tatu, jasho linanitoka, vidole vinanata, na Mwalimu Silantoi amekaa pembeni na gauni lake jipya, mikono mapajani, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa ubaoni na hesabu imenishinda. Nilimchukia aliyetengeneza chombo kile. Nilijichukia zaidi mimi wa wiki iliyopita.

Kwenye mistari ile niliona onyo moja likijirudia: faili hili limetengenezwa wakati ujao, saa sita mbele. Saa sita kamili. Betri iliyokufa haina adabu ya kukosea kwa hesabu safi namna hiyo.

Nikairudisha saa, 11:40, nikasogea kando kumtumia ujumbe rafiki yangu. Mzee Aminiel, mume wa Mwalimu, akaingia, shati jeupe, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye kwapa. Akainama mbele ya laptop, akanyoosha kidole.

“Hii imekosea tena,” akasema.

“Baba Simaloi! Ni wewe unayeibadilisha?”

“Nani mwingine? Angalia, inasema kumi na moja. Saa kumi na moja ni jioni, kijana wangu, ng'ombe wanarudi. Sasa hivi ni saa tano na dakika arobaini. Nimekurekebishia mara tatu leo, maana tukichelewa kanisani nitasemwa mimi.”

Neno chafu lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nusura nimtukane mzee wa watu, siku ya harusi ya mwanawe, ndani ya nyumba yake. Nikalimeza, na lilikuwa chungu. Kwa sababu mimi mwenyewe naona 11:40 na mdomo wangu unasema saa tano na dakika arobaini. Nafanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Nilikaa mbele ya saa ile asubuhi nzima, na nilikuwa radhi kumlaani kila mtu duniani kabla ya kuitazama vizuri.

“Mzee, nakuomba,” nikamwambia. “Mashine inapanga kazi yake kwa saa. Ukiirudisha nyuma, inachanganyikiwa, inaanza upya. Ikianza upya tena, mama Simaloi hatasema kitu leo.”

Alimgeukia mkewe. Akaleta kigoda, akakiweka mbele ya laptop, akakaa na fimbo yake magotini, na shangazi mmoja aliyetaka kuchomeka chaja ya simu alifukuzwa.

Chombo kilikamilika saa saba na dakika tano. Nikakitumia kujenga programu ya sauti, na kila mstari uliopita niliutazama kwa chuki, nikisubiri ukosee. Saa nane kasoro dakika kumi gari lilikuwa limeshafika na linapiga honi. Ngoja kidogo, nikawa nasema, ngoja kidogo, mpaka mistari ikasimama bila kosa. Nikaingiza rekodi kutoka kwenye flashi, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikamsogezea Mwalimu kibodi ile chafu.

Nilitegemea afungue daftari. Hakulifungua. Aliandika neno moja kwa kidole kimoja, akabonyeza.

“Simaloi!”

Ilikuwa sauti yake ya zamani, nene, ya mtu asiyependa kuita mara mbili.

“Abee mama!” Simaloi akaitika kutoka chumba cha pili, haraka, kama mtu aliyeitwa kuja kuepua chungu.

Nikasikia kiti kikianguka, na miguu inakimbia. Simaloi akasimama mlangoni, shela mkononi, kiatu kimoja, mdomo wazi.

Mwalimu Silantoi alikuwa anamwona. Alikuwa mbele yake kabisa. Akabonyeza tena.

“Simaloi!”

“Abee,” akasema Simaloi, na safari hii sauti haikutoka yote.

Nje, honi ikapigwa. Mzee Aminiel akanyanyuka kwenye kigoda chake, akafunga mlango wa nje.