Mke wa Mihayo

Mwalimu Alexander Rutashobya aliteremshwa mlimani akiwa mgongoni mwa kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumkataa. Kulikuwa kunapambazuka. Nyumba yake ya Ilemela ilikaa juu kabisa, katikati ya majabali ambako gari halifiki, na ngiri ya tumboni aliyoificha muda mrefu ilikuwa imejisokota alfajiri ile hata akashindwa kusimama. Binti yake Kokugonza, aliyekuwa amelala hapo usiku ule, hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpigia simu Mihayo, naye akaja mbio kutoka Mwaloni alikokuwa akishusha dagaa, shati likinuka ziwa.

"Nishike shingoni, mzee," Mihayo alisema. "Usiogope kunikaba."

Wakashuka. Mwalimu aliona jinsi kijana alivyolijaribu kila jiwe kwa unyayo kabla ya kuliamini. Hospitalini, baada ya kumkabidhi kwa wauguzi, Mihayo aliinama akatoa shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza wakutane, akaenda zake bila kungoja shukrani.

Mwalimu alibaki kitandani na fedheha iliyomuuma kuliko mshono. Yeye alikuwa Mhaya wa Kagera, Mkatoliki, mwalimu mkuu mstaafu, na Koku alikuwa amesoma hadi kuwa mtaalamu wa maabara. Mihayo alikuwa Msukuma wa ng'ambo ya Busisi, aliyeishia darasa la saba, nahodha wa boti ya injini inayokwenda visiwani. Baba yake, Mzee Ndalahwa, alipokuja na ndugu zake kuposa, Mwalimu aliwaambia bila kuzunguka kwamba hakumlea mtoto ili awe mke wa mtu ambaye kila jioni haijulikani kama atarudi.

Koku hakulia wala hakutoroka. Jioni ya siku ile alikuwa akimenya ndizi jikoni. Alisema, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chumvi imetosha, "Baba, sitaolewa bila baraka yako. Na sitaolewa na mtu mwingine."

Miaka ikapita. Wachumba walikuja, akawasikiliza kwa adabu, akawasindikiza hadi chini ya mlima. Kila Jumapili alikuja kwa wazazi wake, wakasali pamoja, wakala pamoja, kisha akashuka ufukweni kuilaki boti ya Mihayo, mchana kweupe, bila kumficha mtu. Mwalimu, aliyetumia maisha yake yote kuwashinda watoto kwa kunyamaza, alikuwa amempata wa kumshinda. Ndani kabisa alianza kumheshimu binti huyo, na heshima yenyewe ikamuudhi.

Alipopona baada ya upasuaji ule, wakiwa wameketi kibarazani, alimwambia mkewe, "Yule kijana ana mgongo imara."

"Mgongo tu?" Immaculata aliuliza.

Mwalimu aligeukia ziwa. "Jumapili Koku akija, nitamwambia wazee wa Mihayo waje tena kuposa."

"Mwambie leo, Baba Koku. Simu hiyo hapo."

"Jambo kama hili halisemwi kwenye simu." Ukweli ni kwamba alitaka kuuona uso wa binti yake wakati neno hilo linapomfikia.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo upepo ulivuma. Mihayo alikuwa ameshatia nanga alipoona boti nyingine, iliyojaa akina mama wa sokoni, ikipinduka mbali kidogo na ufukwe. Aliwasha injini akarudi majini. Aliwavuta mmoja mmoja, akijitupa ziwani kila alipoona mkono. Wa mwisho alikuwa Rose, muuza mihogo. Alikuwa mzito kwa nguo zilizolowa, naye Mihayo alikuwa amechoka. "Alinisukuma kwa chini mpaka nikashika ukingo," Rose alisimulia. "Nilipogeuka nimpe mkono, palikuwa na maji tu."

Siku ya mazishi Mwalimu alivuka daraja la Busisi peke yake, maana miguu ya Immaculata haikuruhusu safari. Alimkuta Koku ameketi nyuma kabisa, miongoni mwa majirani, mgongo wima, macho makavu. Hakuwa na jina katika mji ule wa Ndalahwa, basi alikuwa amejiweka panapostahili mtu asiye na jina. Baba yake alimtazama, akafikiri kwamba yeye asingeweza kuketi vile.

Msomaji wa wasifu akafika mwisho. "Marehemu hakuoa," alisema. "Hakuacha mke."

Mwalimu alisimama.

"Mzee Ndalahwa, ulikuja kwangu kumwombea mwanao mke. Nimeleta jibu. Mihayo ana mke. Ni binti yangu Kokugonza, na mimi baba yake nimemtoa."

Minong'ono ilipita, ikazimika. Ndalahwa hakuinua uso. "Umechelewa, Mwalimu."

"Nimechelewa sana."

"Ulitufukuza kama watu waliokuja kuomba unga. Leo unanipa mkwe mbele ya jeneza?"

"Ukikataa, sitakulaumu. Ila yeye asimzike mumewe kama mpita njia. Kosa halikuwa lake."

Ndalahwa akamgeukia Koku. "Mwanangu, wewe mwenyewe unasemaje? Usibebeshwe ujane kwa sababu ya majuto ya baba yako."

Koku alisimama. "Mimi nilishamchagua zamani, baba. Watu wote wa Mwaloni wanajua. Kama mtanipokea, nitashukuru. Msiponipokea, bado ni mume wangu."

Rebeka, mama yake Mihayo, hakuwa ametamka neno tangu mwili ulipopatikana. Sasa alijisogeza kwenye mkeka, akaupigapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi. Koku alivua viatu, akapita katikati ya wanawake, akaketi. Hapo ndipo alipolia, na Rebeka akamshika kichwa, akalia naye.

Kaburini Koku aliweka udongo baada ya wazazi, kabla ya ndugu. Mwalimu alimtazama kwa mbali. Alikuwa amefundisha maelfu ya watoto, akajiuliza huyu alijifunza wapi.

Alirudi Ilemela jioni. Alipanda majabali polepole, akipumzika mara kwa mara, mkono tumboni. Immaculata alikuwa mlangoni, akichungulia nyuma yake kwenye njia tupu.

"Koku yuko wapi?"

Mwalimu alivua kofia, akashusha pumzi.

"Yuko kwake," alisema.