Tanzia ya Orville Kolacek

Jumatatu saa mbili asubuhi Vernita Kolacek alikaanga mayai mawili, moja lake na jingine la mumewe Orville, aliyezikwa Alhamisi. Orville alikuwa amekaa mezani na suti ya kuzikiwa, sikio kalitega kwenye redio ya jikoni.

Pale Dunlow, Nebraska, maiti haendi zake mpaka redio ya mji isome tanzia yake, baada ya bei ya mahindi. Lakini tangu mwezi uliopita, kampuni moja ya mbali iliponunua kituo na kung'oa mnara, redio ilikuwa ikichachatika tu kama mafuta kikaangoni.

"Bado?" aliuliza Orville.

"Kula yai lako."

Jirani yao Twyla akaingia bila hodi na bakuli la tambi za jibini. "Ala! Orville, hata kufa unachelewa? Afadhali wewe, shoga yangu Vernita. Marehemu mama mkwe wangu kakalia kiti changu wiki ya tatu, na supu yangu bado anaitia kasoro!" Kisha akamkumbusha Vernita kwamba gari la Orville lina redio ya setilaiti, ile ya kulipia. Kwa nini wasiombwe wenye redio hiyo waisome tanzia?

Vernita akapiga simu.

"Tuna vituo mia moja na hamsini, mama," alisema binti wa huduma. "Kimoja ni cha muziki wa banjo tupu."

"Kipo kinachosoma majina ya watu wa Dunlow?"

"Hicho hatuna. Ila akaunti ni ya Bwana Orville. Yupo karibu?"

Vernita akampa mumewe simu.

"Nimekufa, binti," alisema Orville. "Nisomee jina langu tu, mara moja."

"Pole sana, baba. Majina hatusomi. Ila nakupa miezi mitatu ya bure."

Orville akashukuru, maana hakuwahi kumkatalia mtu kwenye simu. Akaenda kukaa garini, akawa anabonyeza kituo kimoja baada ya kingine. Sauti zilikuwa safi kabisa. Akasikia foleni za Chicago, na mvua ya miji asiyoijua.

Jioni Vernita akasimama uani na karatasi mkononi, akaisoma kwa sauti yote aliyojaliwa: Orville Kolacek, miaka sabini na minane, mkulima, ameacha mke.

Orville akateremsha kioo.

"Asante, Vern. Lakini wewe ulikuwa unajua tayari kwamba nimekufa."

Akapandisha kioo. Vernita akaingia ndani kumtafutia koti, maana baridi ya Novemba ilikuwa imeanza.