Sauti za Duarani
Amosi alipoanza kusikia sauti zikimsemesha kutoka ardhini, mama yake, Scolastika, alitaka kumpeleka hospitali siku ileile. Bujiku, mwenye duara, shimo ambamo kijana alichimba dhahabu, akamzuia.

"Mama Amosi, hiyo ni mizimu inamwonesha mwamba. Ukimchoma sindano itanyamaza."

Mganga wa kienyeji akaunga mkono. Wachimbaji wakawa wanamfuata Amosi kama vifaranga, wakichimba kila alipoelekeza kidole, hata nyuma ya choo cha jirani. Walichokipata huko hakikupelekwa sokoni.

Mwaka ukapita. Siku Amosi aliposema dhahabu iko chini ya kitanda cha Bujiku, ndipo Bujiku alipotambua kwamba kijana anaumwa, akakodi gari mwenyewe kumpeleka hospitali.

Daktari akasikitika. Ugonjwa huu ukiwahiwa, alisema, mtu hurudi upesi. Ukiachwa, hukaa kama mgeni aliyekwisha oneshwa chumba. Sasa Amosi anameza vidonge na sauti zimefifia, lakini vifungo vya shati bado anafungwa na mama yake.

Jana Bujiku alileta kuku wa pole.

"Mama Amosi, hizo dawa haziwezi kupunguzwa kidogo? Dhahabu imetupotea."

Scolastika akampokea kuku, akamkabidhi Bujiku sururu ya mwanawe.

"Chini ya kitanda chako mmeshachimba?"